Umefunga kibadilisha joto cha oili na mambo hayaendi: pa kuanzia

Saa kumi na mbili asubuhi hapa Kabale, Uganda, kioo cha gari kimefunga ukungu, na ukichomoa kijiti cha oili unaiona oili ikishuka polepole kama asali. Mji uko juu ya mita 1,800, na usiku baridi hufika karibu nyuzi 10. Madereva wengi wanaotoka hapa kwenda mpakani Katuna huendesha kama kilomita 20, huzima gari, husubiri abiria au mzigo, kisha hurudi. Katika safari fupi namna hiyo maji ya injini huwahi kupata joto lake, lakini oili iliyoko kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini, inayopigwa na upepo wa barabara, huwa bado iko nyuma. Unyevu na petroli isiyoungua hubaki ndani yake badala ya kugeuka mvuke na kutoka. Baada ya miezi michache unafungua kifuniko cha oili na kukuta utelezi mweupe.

Ndiyo maana wengine wetu tumeanza kufunga kibadilisha joto. Ni kipande cha aluminiamu kinachokaa kati ya bloku na filta ya oili. Ndani yake kuna mabati membamba: upande mmoja inapita oili, upande wa pili yanapita maji ya injini. Maji yakitangulia kupata moto huipasha oili. Oili ikizidi moto kwenye mlima, maji yale yale huipoza. Lori na dizeli nyingi kubwa hutoka kiwandani nacho, na Subaru nyingi za tabo pia. Ukienda kutafuta cha mtumba soko la Kisekka, Kampala, omba oilikula ya maji, ile inayokaa nyuma ya filta. Ukisema oilikula tu, huenda ukapewa ile ya mapezi inayopozwa na hewa, na hiyo itafanya kinyume kabisa cha unachotaka.

Kama gari lako linalala Kampala na kila siku linakaa muda mrefu kwenye jamu ya Kibuye au Ndeeba, oili yako inapata moto wa kutosha bila msaada. Usitumie pesa. Kifaa hiki ni cha watu wa Kabale, Kisoro, Kapchorwa na sehemu kama hizo, wenye asubuhi za baridi na safari fupi. Maelezo haya ni ya mtu ambaye tayari amekifunga na sasa anaona kitu ambacho hakukitegemea.

Oili haipati moto mapema, au imekuwa baridi kuliko zamani

Hili ndilo lalamiko ninaloletewa zaidi, na mara nyingi kifaa chenyewe hakina kosa. Fungua nyumba ya thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto, kabla ya kugusa kitu kingine. Magari mengi yaliyopita kwenye mikono ya mafundi kadhaa hayana thamostati. Siku moja gari lilichemsha, fundi akaitoa, gari likaacha kuchemsha, na hakuna aliyeirudisha. Tangu siku hiyo maji yanazunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza na hayafiki joto lake mpaka uwe kwenye mlima mrefu. Kibadilisha joto kinachopewa maji ya nyuzi 55 hakiwezi kutoa oili ya nyuzi 85.

Dereva mmoja wa Probox alinijia na geji mpya ya oili akisema, "Kaka fundi, hiki kifaa ulichonifungia kinapoza, hakipashi." Nilimwambia tufungue thamostati pamoja. Nyumba ilikuwa tupu. Nilikuwa nimefunga kifaa bila kuangalia hilo, na tangu hapo sifungi kifaa hiki kwa mtu yeyote kabla sijaiona thamostati yake kwa macho yangu. Toyota nyingi ndogo hutumia inayoanza kufunguka nyuzi 82. Itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, iweke jikoni, uangalie inaanza kufunguka lini. Kumbuka tu kwamba huku juu sufuria itachemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo thamostati inayosubiri 95 ndipo ifunguke yote hutaiona ikimaliza kufunguka. Hilo si kosa lake.

Ikiwa thamostati ipo na ni nzima, fuata mipira ya maji. Swali ni moja: maji yanayoingia kwenye kifaa yanatoka wapi wakati thamostati bado imefunga? Wakati huo rejeta haishiriki. Maji yanazunguka ndani ya injini na kwenye njia ya hita ya ndani ya gari. Kifaa kinatakiwa kukaa kwenye njia hiyo ya hita, kikichukua maji yanayotoka kwenye hedi (sehemu ya juu ya injini), na kuyarudisha kwenye bomba linaloelekea pampu. Ukikiunga kwenye mpira wa chini wa rejeta, unakipa maji yaliyokwisha kupozwa, au maji yasiyotembea kabisa mpaka injini ipate moto. Hiyo ni nzuri kwa mtu wa mashindano anayetaka kupoza oili, si kwako.

Kosa jingine lisiloonekana haraka ni kuunga mipira yote miwili kwenye bomba moja, karibu karibu. Maji hayana sababu ya kupita kwenye kifaa kwa sababu presha ya pande zote mbili ni sawa. Kwa macho kila kitu kimefungwa vizuri, lakini hakuna kinachotembea. Jipime hivi: washa injini ikiwa baridi, subiri dakika nne au tano, kisha gusa mpira wa kuingia na wa kutoka. Jihadhari na feni na mkanda. Yote miwili ikiwa na joto linalokaribiana, maji yanapita. Mmoja moto na mwingine baridi maana yake maji yamesimama. Yote miwili baridi wakati hedi ni moto, basi kuna kizuizi kabla ya kifaa: mpira umekunjika, au vali ya hita imefunga.

Vali ya hita inasahaulika sana. Katika baadhi ya magari kuna vali kwenye njia ya hita ambayo hufunga maji ukisogeza kitufe cha dashibodi upande wa baridi. Hapa kwetu watu wengi hawagusi hita mwaka mzima, vali inakaa imefungwa, mwishowe inashika kutu hapo hapo. Kama kifaa chako kiko mfululizo na hita, vali ikifungwa nacho kimefungwa. Weka kitufe upande wa moto ukiwa unapima. Dawa ya kudumu ni kukihamisha kifaa kabla ya vali na kukipa njia yake ya kurudi. Pia nimeona magari yaliyokatwa hita kabisa, mipira miwili ikaunganishwa kwa kipande cha bomba. Huko ndiko mahali rahisi pa kukiweka, kwa sababu njia ya maji ipo na haina kazi nyingine.

Mwisho, iulize geji yenyewe. Sensa iliyofungwa kwenye sampu na sensa iliyofungwa kwenye kifaa zinasoma vitu viwili tofauti, na ile ya kwenye kifaa inaweza kusoma oili kabla haijapashwa. Kama uzi wa sensa umezungushiwa utepe mwingi mweupe, erthi inaweza kuwa dhaifu na geji ikadanganya. Safisha, funga upya, kisha ndipo uamini namba.

Na kuna jambo ambalo si ugonjwa: maji yenyewe yatachelewa kidogo kupata moto kuliko zamani, na hita ya ndani itachelewa pia. Joto ni lile lile la injini, sasa linagawanywa mapema. Mwenye gari aambiwe hivyo kabla ya kufungiwa.

Gari linachemsha, au hita imepoa ghafla baada ya kufunga

Hewa. Karibu kila mara ni hewa iliyonasa, hasa kama mipira mipya imepanda juu kuliko rejeta kisha ikashuka. Egesha gari pua ikiwa juu mlimani, na milima hatuna uhaba nayo. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi, weka hita upande wa moto, washa, jaza polepole huku ukiminya mpira wa juu kwa mkono mpaka mapovu yaishe. Gari likishapata moto usiufungue mfuniko kwa sababu yoyote ile. Acha lipoe lenyewe, asubuhi angalia kiwango tena na uongeze.

Kama hewa imekwisha na bado linachemsha, angalia mfuniko wa rejeta. Kampala, karibu mita 1,200 juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 96. Kabale ni karibu 94. Mfuniko ulioandikwa 0.9, yaani baa 0.9, hushika presha na kuipandisha namba hiyo hapa kwetu hadi takriban 115. Mpira wake ukichoka, huna kinga hiyo tena, na gari ambalo Masaka lilikuwa salama litachemsha likipanda kuelekea Kisoro bila kuwa na ugonjwa mwingine wowote. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo. Ubadilishe kwa wenye namba ile ile, usiweke mkubwa zaidi ukidhani unajilinda.

Oili na maji vimekutana

Hapa usiendelee kuendesha. Maji kwenye oili hula beringi za kranki, na hakuna dawa ya chupa inayoziokoa. Lakini pia usikubali kung'olewa hedi siku hiyo hiyo, kwa sababu chanzo kinaweza kuwa moja ya sehemu nne, na dalili zake zinatofautiana ukiziangalia kwa utulivu.

Utelezi mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake, huku oili kwenye kijiti ikiwa safi na maji kwenye rejeta yakiwa safi, kwa kawaida ni unyevu wa safari fupi tu. Ndiyo shida uliyofungia kifaa. Uufute, uendeshe mwendo wa saa moja, uangalie tena.

Maji ya rejeta yakigeuka maziwa ya rangi ya waridi, na gari ni la otomatiki, anza na giaboksi. Mafuta yake hupozwa ndani ya rejeta yenyewe, na rejeta iliyooza huyachanganya. Kibadilisha joto cha oili ya injini hakihusiki.

Gasketi ya silinda hedi ina alama zake. Mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata moto. Mapovu yanapanda kwenye rejeta na kuongezeka ukikanyaga. Moshi mweupe unabaki hata injini ikiwa moto, na mara nyingi nguvu inapungua.

Kibadilisha joto kilichotoboka kinajionyesha kwa namna nyingine, na hapa ndipo penye siri inayookoa pesa. Injini ikiwa inazunguka, presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji. Oili ya baridi inaweza kufika baa 4 au zaidi, wakati mfuniko wa rejeta unashika baa 0.9 tu. Kwa hiyo barabarani oili ndiyo inayosukumwa kwenye maji, nawe unaiona ikielea kwenye tangi la akiba, nyeusi au ya kahawia, bila mapovu. Ukizima gari, mambo yanageuka. Presha ya oili inaisha mara moja, lakini maji bado ni moto na yanasukuma, hivyo usiku kucha yanapenya kidogo kidogo kwenda upande wa oili.

Ukilijua hilo, kipimo ni rahisi. Jioni, gari likiwa moto, lizime na uliache bila kuligusa hadi asubuhi. Kesho yake kabla ya kuwasha, weka beseni chini ya sampu na ulegeze bolti ya kumwagia oili, usiitoe, ilegeze tu mpaka yaanze matone. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yapo, yatatangulia kutoka. Ukiona oili tangu tone la kwanza, huna maji ya kutisha. Ukiona maji, bado hujajua kama ni hedi au ni kifaa, kwa hiyo endelea: ng'oa kifaa, rudisha filta mahali pake pa zamani kwenye bloku, unganisha mipira miwili ya maji moja kwa moja, weka oili mpya, kisha fanya kipimo kile kile. Maji yakikoma, umempata mwizi. Kama kifaa kilikuja na bolti yake ndefu ya katikati, hakikisha unarudisha ile ya zamani fupi.

Kifaa kilichong'olewa kipime kwenye ndoo. Ziba matundu ya upande wa oili isipokuwa moja, ingiza hewa ya kompresa polepole hadi baa 4, kitumbukize kwenye maji ya uvuguvugu na usubiri dakika kumi. Ufa mwingine hufunguka kwenye joto tu, kwa hiyo maji ya baridi yanaweza kukupa jibu la uongo. Kikitoa mapovu, usikichomelee. Bati la ndani ni jembamba, na joto la kuchomelea likiziba tundu moja litaacha mengine pembeni. Kipeleke kwa wa chuma chakavu.

Kwa nini kinatoboka? Hapa kwetu sababu kubwa ni maji matupu. Tunajaza rejeta kwa maji ya bomba, ya chemchemi, ya mtaro wa kando ya barabara, na aluminiamu inaliwa kutoka ndani. Kifaa cha mtumba kilichokuwa kwenye kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) nchini Japani miaka yote kinaweza kumalizika haraka sana kikianza kunyweshwa maji ya mtaro. Sababu ya pili ni unga au dawa ya kuziba rejeta. Njia za ndani ya kibadilisha joto ni nyembamba kuliko za rejeta, na dawa hiyo huziziba kwanza. Yeyote anayefunga kifaa hiki inafaa atumie kulanti iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu, na kiasi hicho cha pesa akihesabu kama sehemu ya bei ya kifaa.

Baada ya kupata chanzo, osha mfumo wa maji kwa sabuni isiyotoa povu jingi, mara mbili au tatu, mpaka yatoke bila mng'aro wa oili. Mipira iliyolainika kwa oili usiirudishe, itapasuka. Badilisha oili na filta, endesha kidogo, kisha badilisha tena. Na kulanti ya zamani iwekwe kwenye mtungi wenye kifuniko. Ina ladha tamu na ni sumu, na huku mbuzi na watoto wanapita gereji siku nzima.

Inavuja pale filta inapokutana na kifaa

Safisha kwanza, nyunyiza poda ya watoto, washa dakika mbili, uangalie inaanzia wapi. Kama ni kati ya bloku na kifaa, mara nyingi gasketi ya filta ya zamani ilibaki imeng'ang'ania kwenye bloku na kifaa kikafungwa juu yake. Mbili hazikai pamoja. Zitasukumwa nje presha ikipanda. Au kifaa kilizunguka ulipokuwa unakaza mipira ya maji, na oringi ikakunjika. Shika kifaa kwa mkono mmoja ukikaza, na kama kina ulimi wa kukizuia kuzunguka, hakikisha umegusa bloku.

Halafu kuna uzi, na hapa watu wameharibu injini. Toyota nyingi ndogo zina uzi wa robo tatu ya inchi, nyuzi 16 kwa inchi. Subaru nyingi na Honda zina M20 kwa 1.5, yaani unene wa milimita 20 na milimita 1.5 kati ya nyuzi. Kifaa cha Subaru ukikileta kwenye Toyota, vitu hivi viwili vinakaribiana kiasi kwamba filta yenye uzi wa M20 itaingia kwenye kipande cha robo tatu kwa ulegevu, na utadhani imeshika. Asubuhi ya baridi, oili ikiwa nzito na presha iko juu, inaachia. Sampu nzima inaweza kumwagika kabla hujafika Rwahi. Pima kwa geji ya nyuzi. Ukihisi filta inayumba wakati unaizungusha, simama hapo hapo na tafuta bolti ya katikati inayofaa.

Taa ya oili inachelewa kuzima asubuhi

Kifaa kimeongeza nafasi ya kujazwa, kwa hiyo sekunde moja zaidi haitishi. Ikiwa ni sekunde nne au tano kila asubuhi, angalia filta. Ile isiyo na mpira wa kuzuia oili kurudi chini huachia kifaa na filta vikauke usiku. Filta za bei ya chini sana hazina mpira huo au mpira wake ni mgumu. Taa ikiwaka injini ikiwa moto na imetulia, zima, pima presha kwa geji ya mkono, usibahatishe.

Oili bado inazidi moto mlimani

Kibadilisha joto hakiwezi kuipoza oili chini ya joto la maji. Maji yakiwa nyuzi 95, oili ya 100 hadi 110 ni ya kawaida kabisa ukiwa na mzigo wa viazi. Ikipita 120 na kubaki huko, kifaa ni kidogo au kimeziba. Kitoe, mimina maji upande mmoja, utaona yanavyotoka.

Jambo la mwisho kuangalia ni urefu. Filta sasa imeshuka sentimita kadhaa karibu na barabara, na njia zetu za kokoto hazina huruma. Tafuta filta fupi yenye uzi huo huo, funga bati la kukinga sampu, na baada ya wiki ya kwanza ingia chini ya gari ukaze klipu za mipira ya maji tena, kwa sababu mpira mpya hulegea ukishapata moto mara chache.